Mlango wa Le Puy



Likizo iliyopita nilirudi Le Puy-en-Velay, mji mdogo wa milimani huko Ufaransa. Mjomba wangu anaishi Lyon, na yeye hupenda kupakia hema garini na kuondoka. Aliponipeleka mara ya kwanza nilikuwa na miaka 12, nikaupenda mji ule papo hapo: miamba ya volkano imechomoza katikati ya nyumba, na juu ya mmoja kuna kijikanisa cha Malaika Mikaeli kinachofikiwa kwa ngazi 268. Safari hii tulipiga hema chini ya mwamba huohuo, kando ya mto Borne. Ila nilikuwa na swali la rafiki yangu wa darasani: "Wewe unasoma dini, unaupendaje mji wa Adhémar?"

Swali hilo si la kupuuza. Adhémar alikuwa askofu wa Le Puy. Mwaka 1095 Papa Urban II alimteua kuwa mwakilishi wake katika Vita vya Msalaba vya kwanza. Alifuatana na jeshi hadi Antiokia, akafa huko mwaka 1098. Mwaka uliofuata wenzake waliingia Jerusalem, na damu ya Waislamu na Mayahudi iliyomwagwa humo inajulikana.

Sasa panda ngazi za kanisa kuu la mji huo. Matao yake ya mawe meusi na meupe yanakumbusha msikiti wa Cordoba. Barazani, kabla hujaingia ndani, kuna milango ya mbao ya karne ya 12 iliyochongwa visa vya Nabii Isa kama Wakristo wanavyovisimulia, na pamoja navyo herufi za Kikufi. Wataalamu waliozichunguza wameona humo jina la Allah. Mmisri Ahmad Fikry alitoa kitabu kizima mwaka 1934 kuhusu athari za Kiislamu katika majengo ya Le Puy. Utotoni nilipita pale mbio, nikadhani ni maua tu.

Sitaki kujidanganya. Huenda fundi hakujua anachokichonga. Aliona urembo, akauiga. Hiyo si dalili ya urafiki. Lakini nikiuchukia mji kwa sababu ya askofu wake, nitakuwa nimemtwika fundi mzigo usio wake, na dini yetu haikubali hilo. Surat Al-Hajj yenyewe inayataja makanisa pamoja na misikiti miongoni mwa nyumba zinazolindwa zisibomolewe. Kinachonitia wasiwasi ni penzi langu la utotoni, lililopenda bila kuuliza chochote.

Kuhusu kuingia ndani, wanazuoni wamekhitilafiana, hasa penye masanamu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alipofika Jerusalem alikataa kusali ndani ya kanisa, akihofia Waislamu watakuja kulitwaa kwa hoja ya sala yake. Mimi nilibaki barazani. Mjomba aliingia, akakaa sana.

Magharibi ya huko wakati wa joto huchelewa, saa tatu usiku imeshapita. Tulisali kando ya hema, mjomba akainjika dengu za kijani, zao la mji ule. Nilimtumia rafiki yangu picha ya mlango. Alijibu kwamba ameikuza mara nne na bado kuna herufi moja hajaitambua. Hata mimi sijaitambua.