Si Kila Dhambi ni Kazi ya Hakimu



Swali hili huulizwa mara nyingi: Jambo likiwa dhambi mbele ya Mungu, je, serikali haina budi kuliadhibu? Wengi hujibu upesi, "Ndiyo." Lakini tuzitazame Amri Kumi. Ya mwisho yakataza kutamani mali ya jirani. Nani amepata kuona mtu akifungwa gerezani kwa kutamani? Mwenye kiburi na mchoyo wakosa sana, wala hakuna askari abishaye hodi mlangoni kwao kwa ajili hiyo. Basi sisi wenyewe twakubali ya kuwa dhambi ni neno moja, na jinai ni neno lingine. Leo twataka kulipima jambo hili kwa habari ya watu ambao wengi hawapendi hata kutajiwa, yaani wanaume wapendao wanaume wenzao, na wanawake wapendao wanawake wenzao.

Tuanze Uingereza, kwa kuwa ndiko zilikotoka sheria zetu za jambo hili. Katika mwaka 1533, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, Bunge lilitoa hukumu ya kifo kwa wanaume waliolala pamoja. Watu wawili wa mwisho walinyongwa London mwaka 1835. Hukumu hiyo ya kifo ilifutwa mwaka 1861, lakini mwaka 1885 ikaongezwa sheria ya kuwafunga wanaume hata kwa tendo dogo lililofanywa faraghani, kwa hiari ya wote wawili.

Matunda yake yalikuwaje? Alikuwako bwana mmoja, Alan Turing, bingwa wa hesabu, ambaye katika Vita Kuu ya Pili alisaidia sana kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Mwaka 1952 nyumba yake iliingiwa na mwizi, naye akaenda kushitaki kwa polisi, kama raia yeyote. Polisi walipopeleleza, wakagundua ya kuwa alikuwa na mpenzi mwanamume. Basi aliyeibiwa akageuka mshitakiwa. Ili asifungwe alikubali kutiwa dawa za kudhoofisha tamaa ya mwili. Mwezi wa Juni 1954 alikutwa amekufa kwa sumu, mwenye umri wa miaka 41, na uchunguzi ukaamua ya kuwa alijiua. Malkia Elizabeth wa Pili alimpa msamaha mwaka 2013, lakini msamaha haumfikii aliye kaburini.

Tena sheria hiyo iliwanenepesha waovu. Mtu mwenye hila aliweza kumwambia mwenzake, "Nipe fedha, ama nitakwenda kusema." Naye aliyetishwa hakuwa na pa kukimbilia, maana mlango wa polisi ulikuwa mlango wa gereza lake. Twasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulikata upande mmoja tu.

Mwaka 1954 serikali iliweka baraza la kuchunguza jambo hili, na mkuu wake alikuwa John Wolfenden, aliyepata kuwa mwalimu mkuu wa shule. Mwaka 1957 baraza lilishauri, na katika habari hii mjumbe mmoja tu alikataa, kwamba matendo ya watu wazima, kwa hiari yao, faraghani, yasiwe jinai tena. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliunga mkono shauri hilo. Aliyemfuata, Michael Ramsey, alilitetea Bungeni, ingawa alishika ya kuwa matendo hayo ni makosa. Hawakuona kwamba imani yao yahitaji pingu ili isimame. Bunge liliikubali sheria mpya mwaka 1967 kwa Uingereza na Wales.

Hata hivyo si wote walioridhika. Hakimu Patrick Devlin, mwaka 1959, alisema ya kuwa taifa hushikamana kwa maadili yake, na yakilegea taifa huanguka. Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini mwalimu wa sheria H. L. A. Hart alimjibu ya kuwa chukizo la watu wengi si ushahidi wa madhara. Nasi twaongeza: maadili yanayosimama kwa kuogopa askari ni maadili ya mtumwa. Baba hufurahi mwanawe asipoiba kwa kuwa aichukia hila, wala si kwa kuwa ameogopa fimbo.

Huenda mtu akauliza, "Na watoto wetu je?" Twajibu: amshikaye mtoto, au amlazimishaye mtu yeyote, na aadhibiwe, awe anapenda wanaume au wanawake. Sheria hiyo yatupasa kuilinda, iwe moja kwa wote.

Wengine waogopa kwamba makanisa yatalazimishwa. Lakini Bunge la Uingereza liliporuhusu mwaka 2013 watu wa jinsia moja kuoana kwa sheria katika Uingereza na Wales, halikulilazimisha kanisa lolote kuwafungisha ndoa. Haki ya mmoja haikuivunja madhabahu ya mwingine.

Na kwetu? Kifungu hicho kilitiwa na Waingereza katika sheria za adhabu za Kenya na Tanganyika mwaka 1930, nacho kingaliko. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kukifuta mwaka 2019. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Botswana ilikifuta cha kwao, na mwaka 2021 mahakama ya rufani ikathibitisha.

Watu hawa si wageni. Ni watoto waliobatizwa pamoja na wetu, na wengine huimba katika kwaya zetu. Akipigwa njiani mmoja wao, ataogopa kushitaki, kama ilivyompasa Turing kuogopa. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Katika mfano wa Bwana wetu, watumwa walikuwa na haraka ya kung'oa magugu, na mwenye shamba akawazuia hata siku ya mavuno. Msomaji aaminiye ya kuwa jambo hili ni dhambi, na aliombee na kulihubiri. Lakini jirani yake na apewe ulinzi wa sheria ule ule autakao yeye mwenyewe.