Taa ya Rasi Guardafui

Msomaji, wewe ukaaye Isiolo, ambako bahari ni habari ya kusikia tu, nifuate kwa fikira mpaka kwenye ncha ya Pembe ya Afrika. Hapo pana jabali refu lililoingia baharini, liitwalo Rasi Guardafui, na kwa Waarabu Ras Asir. Si mahali pa starehe: ni mawe matupu, upepo na chumvi.

Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, meli nyingi zilipita hapo. Wakati wa kusi hewa hujaa utusitusi, na kusini ya rasi hiyo liko jabali jingine lifananalo nayo. Manahodha walilidhania kuwa ndilo, wakageuka kwenda magharibi kabla ya wakati, wakapanda mwambani. Meli ya Kifaransa Meï-Kong iliangamia pwani hiyo mwaka 1877. Hata baadhi ya wazee wa Wasomali wa Isiolo, askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuja kwa bahari kutoka Aden na Berbera, waliizunguka rasi hiyo bila taa, maana taa ya kwanza iliwashwa mwaka 1924.

Mnara wa kwanza ulikuwa wa chuma. Mwaka 1930 Waitalia wakajenga mwingine wa mawe, nao ungaliko, ijapokuwa taa yake ilizimika zamani. Waliupa umbo la tita la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, ndiyo alama ya chama cha Mussolini. Miaka mitatu tu kabla yake, majeshi yao yalikuwa yamemaliza vita vya kuitwaa nchi hiyo kutoka kwa Boqor Osman wa Wamajerteni.

Je, wema huharibika kwa dhuluma ya autendaye? Baharia wa usiku hakuliona shoka. Aliona mwanga, akaokoka, awe Mwitalia au nahodha wa jahazi la Sur. Bali mchunga mbuzi wa pale aliliona shoka kila asubuhi, na mwanga haukuwashwa kwa ajili yake. Ukiwauliza wawili hao, kila mmoja atakuambia kweli.

Wako wasemao kwamba tendo lipimwe kwa faida yake, na moyo wa mtendaji usichunguzwe. Mimi sikubali. Baharia yampasa aushukuru mwanga, naye hana deni la kumsifu Mussolini. Mwanga haukutoka katika shoka, ulitoka kwa mlinzi aliyekesha akiitunza taa.

Lijaribu jambo hili kwenu. Katika nyika ya Isiolo, mpita njia mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa kisimani. Basi, tuseme mtu aliyewanyang'anya wazee wako malisho amechimba kisima, akachora jina lake juu ya mawe yake. Utakunywa? Nadhani utakunywa, na mbuzi wako utawanywesha. Lakini akija mgeni akakuuliza kisima hiki ni cha nani, utamjibu nini?