Kwa Nini Viumbe Huzeeka?

Mtoto akifa kijijini, na jirani yupo bibi wa miaka mingi, mara husikika neno la siri: "Huyu amekula miaka ya mtoto." Kwa neno hili vikongwe wamefukuzwa makwao, hata wamekatwa mapanga. Basi tuulize: uzee watoka wapi?

Wengi husema mwili huchakaa kama jembe. Lakini jembe haliwezi kujinoa, na mwili hujitengeneza: kidonda hufunga, mfupa uliovunjika huunga. Mbona basi kazi hiyo hupungua?

Mwaka 1977 mtaalamu Thomas Kirkwood alieleza hivi. Chakula cha mnyama kina kipimo. Sehemu hutengeneza mwili, sehemu hutumika katika kuzaa. Panya huwindwa na paka, bundi na nyoka. Hata akiutunza mwili wake sana, ataliwa upesi. Kwa hiyo faida yake ni kuzaa mapema. Ndivyo maumbile yake yalivyopangwa vizazi kwa vizazi, hata akifugwa salama huzeeka kwa miaka 3 hivi. Lakini fuko asiye na manyoya, akaaye chini ya ardhi katika nchi kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia, hampiti panya sana kwa ukubwa, naye aweza kuishi zaidi ya miaka 30. Wataalamu huona kwamba sababu moja ni hii: shimoni adui ni wachache, na mwili unaotunzwa huleta faida.

Basi uzee si wizi. Miaka haihami toka mtu hata mtu, wala siku za bibi hazikutolewa katika siku za mtoto. Macho yake mekundu ni ya moshi wa jiko alilopikia watu. Nguvu zake hazikupotea. Zilikwenda katika kuzaa, kunyonyesha, kubeba na kulima. Na yule asiyezaa amerithi mwili wa namna iyo hiyo. Naye hana deni.

Ndugu msomaji, ukilisikia neno lile la siri, usinyamaze. Anyamazaye huwapa wengine ruhusa. Likanushe mbele ya watu, kisha uende mchana, watu wote wakikuona, ukamchotee bibi maji, ukae naye kitako mlangoni pake.