AHADI YA MWENYEJI NA MTAJI WA MCHUUZI

Swali limetufikia katika darsa yetu, nalo latoka kwa ndugu zetu wafanyao biashara huko bara, katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, na katika bandari ya ziwani ya Port Victoria. Wauliza hivi: mwanamke amemwahidi mchuuzi kwamba siku fulani atawaita jirani na rafiki zake nyumbani, ili mchuuzi aje awaonyeshe vyombo, mashuka na vitenge. Mchuuzi akatia mali yake, akafunga safari. Kisha mwenyeji akavunja siku ile ile. Je, yuko hapa mwenye haki ya kudai na mwenye wajibu wa kulipa? Au haya ni mambo ya nyumbani tu, yasiyo na hukumu?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona swali hili kuwa dogo. Sisi hatulioni hivyo. Biashara ya kuuziana majumbani haiko mpakani peke yake. Iko Mombasa na Malindi, iko Lamu, iko Tanga na Unguja, ambako wanawake wengi huuza madira, manukato na vyombo katika nyumba za wenzao. Na mara ngapi twaona wanawake wawili waliokuwa wakiitana dada, leo hawaamkiani njiani, na chanzo chake ni ahadi ya namna hii!

Kwanza yatupasa tuifahamu biashara yenyewe, kwani asiyelifahamu jambo hawezi kulihukumu. Iliyoipa sifa ulimwenguni ni kampuni moja ya Marekani, Tupperware, iliyofanya vyombo vya plastiki vilivyobuniwa na Earl Tupper. Vyombo hivyo vilipowekwa madukani mara ya kwanza havikutoka vizuri, kwa kuwa mnunuzi hakujua namna ya kukibana kifuniko. Walipovichukua wanawake wakavionyesha majumbani, mbele ya watu waliokaa kwa raha na kujuana, vikatoka kwa wingi. Hata mwaka 1951 kampuni ikaviondoa madukani kabisa, na kazi ya kuviuza majumbani akapewa mwanamke aitwaye Brownie Wise aisimamie. Kampuni hiyo iliomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya madeni mwaka 2024, lakini njia yake ya kuuza imeenea duniani, hata kwa watu ambao hawajapata kulisikia jina lake.

Siri ya njia hiyo ni moja. Mchuuzi hana duka. Duka lake ni sebule ya mtu mwingine, na wateja wake ni watu walioitwa na mtu mwingine, nao wamekuja kwa heshima ya mwenyeji wala hawakuja kwa ajili ya mchuuzi. Ndiyo maana mwenyeji hupewa zawadi, au hupunguziwa bei ya chombo akipendacho. Basi mwenyeji akivunja siku, ni kama mwenye nyumba aliyemfungia mpangaji mlango wa duka asubuhi ya siku ya soko.

Tena tutazame hali ya mahali penyewe. Busia ni mji uliopitiwa na mpaka katikati, upande huu Kenya na upande huu Uganda, na Malaba vivyo hivyo. Huko ndiko lilikozaliwa jina la boda boda, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha abiria kati ya kituo na kituo. Tangu mwaka 2018 kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kimefunguliwa rasmi, na wasafiri na bidhaa hukaguliwa mahali pamoja. Wanawake wa huko wana vyama vyao vya kuweka akiba, na kikao huzunguka nyumba kwa nyumba. Mchuuzi hupenda kuingia katika kikao kama hicho, kwa sababu siku hiyo watu wapo na fedha zipo. Na Port Victoria, iliyo kando ya ziwa, fedha hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwavuta, na mapato ya wavuvi na ya wanawake waanikao dagaa hupungua. Basi siku iliyovunjwa katika giza la mwezi hailipwi na siku nyingine ya juma lifuatalo. Pengine mchuuzi atangoje mwezi mzima, na hali mali aliyoikopa yamngojea kulipwa.

Sasa tuyasikilize madai ya pande mbili. Mwenyeji asema: "Nyumba ni yangu. Nilikubali kwa wema wangu, sikuuza kitu wala sikununua. Ukarimu wa kulazimishwa si ukarimu." Mchuuzi naye asema: "Kwa neno lako nilikopa, kwa neno lako nikapanda gari. Kama si neno lako, ningekwenda kwingine."

Madai yote mawili yana ukweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Lau mwenyeji angalikuwa ameahidi karamu tu, tungalisema amekosa adabu, na mambo yakaisha. Lau angalikuwa amekodisha chumba kwa fedha, tungalisema amevunja mkataba, na mambo yakaisha vilevile. Lakini kikao hiki si karamu tupu wala si ukodishaji mtupu. Ukarimu na biashara vimechanganyika kama maji na maziwa, na kila upande huchukua kile kinachoufaa. Siku ya kupokea zawadi, mwenyeji hukumbuka kuwa ni biashara. Siku ya kuvunja ahadi, hukumbuka kuwa ni ukarimu. Na mchuuzi siku ya kuomba nyumba husema "sisi ni ndugu", na siku ya khasara huleta daftari.

Wanavyuoni wamelizungumza jambo la ahadi kwa marefu. Kutimiza ahadi kumeamrishwa katika Qur'ani, na Mtume (s.a.w.) ameihesabu tabia ya kuvunja ahadi kuwa miongoni mwa alama za mnafiki. Katika hayo hakuna khitilafu. Khitilafu iko katika kuuliza: je, aliyevunja aweza kulazimishwa? Imam Nawawi ametaja katika kitabu chake cha Adhkar kwamba kwa Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo pwani yetu, na kwa Abu Hanifa na wengi wengineo, kutimiza ahadi ni sunna, na mwenye kuivunja bila udhuru ametenda jambo la makuruhu sana, illa hapati dhambi. Ama katika madhehebu ya Imam Malik kuna kauli mashuhuri: ahadi ikiwa imemwingiza mwenzio katika gharama, basi yakulazimu. Na baraza la wanavyuoni wa fiqhi la nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, lilipitisha shauri lililo karibu na kauli hiyo, kwamba ahadi yamlazimu mtu mbele ya Mwenyezi Mungu ila akiwa na udhuru, na yamlazimu mbele ya kadhi pia ikiwa imefungamana na sababu na aliyeahidiwa ameingia katika gharama kwa ajili yake. Na alipwe khasara iliyompata kweli.

Sisi twaona kauli hii ndiyo iliyo karibu zaidi na uadilifu katika swali hili. Kuna kanuni ijulikanayo na mafakihi, kwamba mwenye kupata faida ya jambo hubeba na mzigo wake. Mwenyeji aliyekubali zawadi, au aliyeingoja, amekwisha kutoka katika daraja ya mkarimu mtupu. Amekuwa kama mshirika, na mshirika hawezi kushiriki faida akaikimbia khasara. Na yule asiyetaka mzigo huo, mlango uko wazi: na aseme mapema, "Karibu nyumbani kwangu, zawadi yako siitaki, na kama siku hiyo sitaweza, usinidai." Hapo mchuuzi atajua ametia mtaji wake mahali gani.

Lakini tumesema "ila akiwa na udhuru", na neno hili lataka kupimwa. Mauti ni udhuru, ugonjwa ni udhuru. Mto Nzoia ulipofurika Budalangi mwaka 2020, na watu wakahama nyumba zao, nani angemdai mwenyeji sebule? Na mwezi wa Machi mwaka huo huo, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa wasafiri, ahadi ngapi za watu wa Busia na Malaba zilikatika bila ya kosa la mtu! Katika mambo kama haya khasara ni ya mchuuzi mwenyewe, naye hana wa kumlaumu. Biashara haikosi hatari yake, na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuruzuku.

Ama yasiyokuwa udhuru ni mengi. Mwenyeji kualikwa harusini siku hiyo hiyo akaona harusi ni tamu zaidi, si udhuru. Kusikia mchuuzi mwingine ana zawadi kubwa zaidi si udhuru, bali ni khiana. Kusema "mume wangu amekataa" baada ya kutoa ahadi si udhuru ulio safi, kwani mume alikuwapo tangu siku ya kwanza, na shauri lake lilipasa kutangulia ahadi. Wala kusema "nilisema inshallah" si udhuru. Neno hilo tumefunzwa kulisema kwa kuwa mambo yote yako katika mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Sisi tumelifanya kuwa mlango wa nyuma wa kutokea. Mwenye kusema inshallah na moyoni amekwisha kunuia kutokuja, ametia uongo wake katika nguo ya dini.

Na iko sababu moja ambayo haisemwi, nayo twaidhani kuwa kubwa kuliko zote: fakhari. Mwenyeji huvunja siku kwa sababu hana fedha ya kuwapikia wageni biriani, na mwenzake juma lililopita alipika. Huona aibu kusema hana, akaona afadhali kusema mtoto ana homa. Enyi akina mama, ni nani aliyewaambia kwamba mtu hawezi kutazama shuka mpaka ashibe nyama? Chai na mahamri yatosha, na maji ya kunywa kwa uso mkunjufu yatosha zaidi. Mkiiondoa fakhari, ahadi nyingi zitasimama zenyewe.

Sasa kuhusu kiasi cha kulipa. Tuseme, kwa mfano tu, mchuuzi ametoka Busia kwenda Port Victoria, nauli ya kwenda na kurudi shilingi 600, na ukodi wa boda boda la kubebea mizigo shilingi 200. Tena alitaraji faida ya shilingi 5,000. Mwenyeji amevunja bila udhuru asubuhi ile. Haki ya mchuuzi ni shilingi 800. Zile 5,000 hazikuwa zake bado. Zilikuwa matumaini, na matumaini hayadaiwi. Bidhaa zake nazo ziko salama, ataziuza kwingine.

Wako wachuuzi ambao kwa kuogopa khasara hutaka mwenyeji aweke arbuni, na akivunja wasimrudishie. Kuhusu arbuni katika biashara, wanavyuoni wengi, na Mashafi wakiwamo, wameikataza. Imam Ahmad ameiruhusu, na baraza tulilolitaja liliiruhusu mwaka 1993 kwa sharti ya kuwekwa muda maalumu. Lakini yote hayo ni ya mnunuzi na muuzaji, na mwenyeji wetu hanunui kitu. Kumchukulia fedha zote, hata alipofiwa, ni kula mali ya mtu bila haki. Kama lazima kuwekwe kitu, kiwe cha kufidia nauli tu, na arudishiwe mwenye udhuru.

Wala mchuuzi asidhani kwamba hukumu ni ya mwenyeji peke yake. Naye ana yampasayo. Na aulize siku mbili kabla, asingoje kufika mlangoni. Na achague siku kwa kutazama hali ya watu. Anayekwenda Port Victoria mwezi ukiwa mpevu amejitafutia mwenyewe sebule tupu. Wala asikope mali nyingi kwa kutegemea neno la mtu mmoja. Lililo kubwa zaidi, na ajiulize kwa nini mwenyeji amevunja. Wengi huvunja kwa kuwa wameona jinsi rafiki zao walivyobanwa kununua kwa haya, mtu asiyehitaji sufuria akatoka na sufuria ya deni, kwa kuwa macho yote yalikuwa yakimtazama. Mali itolewayo kwa haya haina radhi ya moyo, na biashara isiyo na radhi haina baraka. Mwenyeji anayewaondolea jirani zake mtego huo, lawama yake ni nyepesi. Kosa lake ni kutosema mapema.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili. Mwenye udhuru wa kweli hadaiwi, bali hupewa pole na siku nyingine. Asiye na udhuru, akatoa khabari mapema kabla ya gharama kuingia, amekosa murua, na inatosha kuomba radhi. Asiye na udhuru, akanyamaza mpaka mwenzake akatumia mali yake, na alipe alichokitumia. Na mchuuzi akisamehe, kusamehe ni bora. Wala yeyote kati yao asiyatembeze mambo haya mitaani na katika simu za watu, kwani khasara ya shilingi 800 hulipika kwa siku moja, na heshima ya mtu ikivunjwa hailipiki kwa mwaka.

Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na deni hulipa muungwana. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa walipao. Na Kwake ndiko iliko taufiki.