Asiyedai Maji



Ukipita mitaa ya Dodoma mwezi wa Septemba, wakati mvua imeshasahaulika, utakuta vumbi limetua juu ya kila kitu: mabati, majani ya miarobaini, hata nguo zilizoanikwa. Lakini kwenye uzio wa nyumba fulani bogenvilia imewaka rangi ya zambarau, na ng'ambo ya barabara, nyingine imeinamisha matawi mekundu hadi nje ya geti. Muulize mwenye nyumba anaitunzaje. Huenda akakujibu, "Hiyo? Hiyo haina shida. Inajikalia tu."

Kweli haina shida nyingi. Hupandwa kwa kuchomeka kipande cha tawi lililokomaa kwenye udongo usiotuamisha maji. Ikishashika, hutaka jua la kutwa na maji ya kiasi. Ukiimwagilia kila siku na kuirundikia samadi, itakupa majani mengi na maua machache, kwa maana ukavu wa kiasi ndio unaoichochea kuchanua. Tena, zile rangi tunazozisifu si maua hasa. Ni majani laini yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni dogo, mara nyingi jeupe, limejificha katikati, na asiyesogea karibu halioni.

Hata hivyo, kutokuwa na shida si kutohitaji kitu. Ikinyimwa maji kabla mizizi haijashuka chini, itakufa. Ikiachwa miaka bila kupogolewa, itageuka kichaka cha miiba, kikavu kwa ndani, na maua machache yatabaki juu kabisa. Maua yake huja kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo msimu wa maua ukipita mtunzaji hushika mkasi na kupunguza matawi. Inachoomba ni kidogo, lakini hicho kidogo lazima ipewe.

Sasa nikuulize kwa upole, mpendwa: katika nyumba yako, ni nani yule ambaye "hana shida"?

Labda ni mtoto wa kati, anayejifulia sare na kumaliza kazi za shule bila kukumbushwa, huku macho yenu yote yakiwa kwa kaka yake msumbufu. Labda ni mke ambaye kila akiulizwa hujibu, "Mimi sijambo, nyie kuleni." Labda ni mzee kijijini asiyepiga simu kuomba hela, nawe ukachukulia kimya chake kuwa ni ushahidi kwamba anazo. Watu wa namna hii tunawapenda, hilo halina ubishi. Ila upendo wetu kwao umezoea kungoja hadi waugue.

Historia ya ua hili ina mtu wa namna hiyo. Mwaka 1767, mtaalamu wa mimea Mfaransa, Philibert Commerson, alifika Rio de Janeiro nchini Brazil katika safari ya kuizunguka dunia iliyoongozwa na Louis Antoine de Bougainville. Mmea huu waliokutana nao huko ukaja kupewa jina la kiongozi huyo. Lakini pamoja na Commerson alikuwapo msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume kwa sababu meli za jeshi la wanamaji la Ufaransa hazikuruhusu wanawake. Alibeba vifaa, alipanda vilima, alikusanya mimea. Leo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Hata hivyo, ulipita muda wa zaidi ya miaka 200 kabla ya wanasayansi, mwaka 2012, kuupa mmea mmoja wa Amerika ya Kusini jina lake kwa heshima. Heshima ilikuja, lakini mwenyewe hakuisikia.

Je, ni asante ipi iliyo moyoni mwako ambayo mwenye haki nayo bado hajaisikia?

Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka tunamkumbuka sana mwana mpotevu. Tukae kidogo na kaka yake. Huyu hakuomba urithi, hakuondoka, hakumtia baba aibu. Alikuwa shambani hata siku ya sherehe. Lakini uchungu ulikuwa umeota ndani yake miaka mingi, na siku ulipotoka ulitoka na miiba: hajawahi kupewa hata mwanambuzi akafurahi na rafiki zake. Mtazame baba. Hakumkemea kwa kukosa shukrani. Aliwaacha wageni wake mezani, akatoka nje, akamsihi. Upendo uleule uliomkimbilia aliyepotea ulimfuata na huyu aliyebaki nyumbani. Ndivyo Mungu alivyo kwa watu wake walio kimya, na ndivyo anavyotufundisha kuwa sisi kwa sisi.

Pengine wewe ndiwe huyo kaka. Umetumika kimya, umechoka, na moyoni unahesabu waliokusahau. Baba anaujua uchovu wako hata kabla hujausema. Wasamehe, kwa kuwa wengi wao walidhani kweli huna shida. Kisha uwaambie unachohitaji, bila kusubiri hadi maneno yawe makali. Kusema "nimechoka, naomba unisaidie" si udhaifu wa imani.

Na kama wewe ndiwe uliyesahau, usijilaumu hadi ukakosa nguvu ya kurudi. Wala usimfurikishe mtu zawadi za siku moja kisha ukanyamaza mwaka mzima. Bogenvilia haitaki mafuriko, na moyo wa mtu nao hulishwa na kidogo kinachokuja kwa wakati wake: salamu ya asubuhi, swali linalongoja jibu, ndoo ya maji uliyoibeba kabla hujaombwa.

Basi wiki hii, mpendwa, mchague mtu mmoja asiyedai. Mwendee, ukae naye, umuulize hali yake. Akijibu "sijambo," usiondoke upesi. Muulize tena, umsikilize. Bwana akubariki na kukulinda.