Pembe Zilizo Ghalani ni Amana ya Nani?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inatamka kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na kwamba Rais amekabidhiwa mali hiyo kwa niaba ya wananchi. Maneno hayo yakivuliwa joho la kisheria, kinachobaki ni amana. Aliyewekewa amana haimiliki. Hana ruhusa ya kuiuza hata akitajiwa bei nzuri. Kazi yake ni kuilinda mpaka mwenyewe aje kuichukua. Swali zito lililo ndani ya vita dhidi ya ujangili ni hilo: mwenyewe ni nani?

Waislamu na Wakristo wanajibu kwamba ni Mungu. Qurani inamweka mwanadamu kuwa khalifa katika ardhi, na kitabu cha Mwanzo, pamoja na kumpa mamlaka juu ya wanyama, kinamtia bustanini ailime na kuitunza. Wanaoyatumia mamlaka hayo kama kibali cha kuua bila kikomo wameiruka sehemu ya pili. Baraza la Maulamaa la Indonesia halikuacha jambo hilo hewani: mwaka 2014 lilitoa fatwa inayoharamisha kuwawinda na kuwauza kinyume cha sheria wanyama walio hatarini kutoweka. Mwalimu Julius Nyerere, katika Tamko la Arusha la 1961 (si Azimio la 1967), alitumia hoja ya kidunia akafika palepale: wanyama hawa wanatunziwa wajukuu.

Uaminifu wa mtunzaji hujulikana pale amana inapopata bei. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ulipitisha marufuku ya biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika mwaka 1989, kisha ukaruhusu baadhi ya nchi za kusini mwa Afrika kuuza akiba zao mara mbili: mwaka 1999 kwa Japani, na 2008 kwa Japani na China. Mwaka 2010, katika mkutano wa CITES huko Doha, Tanzania nayo iliomba kuuza takriban tani 90 ikakataliwa. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa, maana askari wa wanyamapori wanahitaji mishahara, magari na mafuta. Lakini kati ya 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka karibu 110,000 hadi karibu 43,000. Wataalamu wangali wanabishana kama mauzo ya 2008 yaliuchochea ujangili. Hata ubishi huo usipokwisha, mtunzaji anayepata faida kutokana na kifo cha alichokabidhiwa ameshajiweka mahali pabaya.

Kenya ilichagua moto. Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe mwaka 1989. Tarehe 30 Aprili 2016, Rais Uhuru Kenyatta akawasha tani 105, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za faru, katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Pembe haiwaki kama kuni. Huungua juu ikawa nyeusi, ndani ikabaki ngumu na nyeupe, ndiyo maana mafuta yalisukumwa kwa mabomba hadi katikati ya malundo. Wengi waliuita moto huo israfu, na lawama yao ina uzito, kwa kuwa dini inakataza kufuja mali. Jibu linapatikana Madina ya zama za Mtume. Mvinyo ulipoharamishwa, watu waliumwaga njiani hadi ukatiririka. Hawakuutafutia mnunuzi wa mbali. Kitu ambacho kukiuza ni kuufufua uovu hakihesabiwi tena kuwa mali, na kisicho mali hakifujwi. Kwa kipimo hicho Kenya ilifanya haki. Pembe zinazobaki ghalani humpa mlanguzi tumaini kwamba soko litafunguliwa tena siku moja.

Soko lenyewe limebanwa. China ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa 2017, na Februari 2019 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimhukumu miaka 15 jela mfanyabiashara wa Kichina aliyepewa na magazeti jina la Malkia wa Pembe. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyeishia gerezani alikuwa maskini aliyeshika bunduki.

Anabaki mwananchi, ambaye kwa sheria ndiye anayetunziwa. Mahindi yakikaribia kukomaa, familia zilizo jirani na hifadhi hulala kwenye madungu, zikipiga madebe na kuchoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha tembo ili moshi uwafukuze. Kundi la tembo likipita usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Sheria ya Kenya ya 2013 inayaita malipo ya hasara ya namna hiyo fidia. Tanzania inasema kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Fidia ni deni, linadaiwa; kifuta machozi ni huruma ya mtoaji. Aliyekubali kuitwa mtunzaji wa mali hawezi kuikwepa mali hiyo inapoingia shambani kwa mtu.

Qurani inataja shauri la namna hii: kondoo waliingia usiku katika shamba la watu, na Daudi na Sulaimani wakahukumu. Wafasiri wanaeleza kwamba Sulaimani aliamua mwenye shamba akabidhiwe kondoo, anufaike na maziwa na sufu yao, huku mwenye kondoo akilihudumia shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa; kisha kila mmoja achukue chake. Maziwa ya tembo wa leo ni fedha za watalii. Vijiji vilivyoungana katika Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori hupata sehemu ya fedha hizo. Mwenye shamba lililoliwa, nje ya jumuiya hizo, anasubiri kifuta jasho.