Aliyefungia Kiumbe Amejifunga

Ndugu mmoja wa darasa letu hapa Naro Moru ameuliza suala ambalo wengine walilicheka, nasi twaona halistahili kuchekwa. Nyumbani kwake ana tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai. Usiku mmoja stima ilikatika hadi alfajiri; pampu ikasimama, maji yakapoa, na kulipokucha aliyakuta mengi yanakufa. Auliza: "Je, nina dhambi? Na je, yajuzu ninunue mengine?"

Kwanza ifahamike kuwa tumbawe si jiwe wala si ua. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wenye vinywa, wajijengeao nyumba ya chokaa. Na miilini mwao hukaa mimea midogo mno iwalishayo kwa nuru ya jua. Joto la bahari likizidi kiasi chake kwa digrii moja au mbili kwa muda wa wiki kadhaa, mimea ile huwatoka, tumbawe likawa jeupe, na mara nyingi likafa. Ndivyo yalivyoangamia matumbawe mengi ya pwani ya Kenya mwaka 1998. Basi mwenye kuyaleta katika mji huu, ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari na wenye usiku wa baridi, amejitwika kazi ya jua na ya mawimbi.

Wako wasemao kuwa kumfungia kiumbe ni dhuluma kwa hali zote. Hao wamepita mpaka. Mtume (s.a.w.) alimliwaza mtoto Abu Umair aliyefiwa na ndege wake, wala hakumlaumu kwa kumfuga, wanazuoni wakatoa humo ruhusa. Lakini ni yeye vilevile aliyetupa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia ajitafutie. Tuziweke habari hizi mbili pamoja, na hukumu itadhihiri. Kufuga si kosa. Kosa ni kumwondolea kiumbe njia yake ya kuishi bila ya kumpa nyingine. Kila ulichomzuilia ni deni juu yako.

Wengine husema: "Mbona wazee wetu walijengea misikiti kwa matumbawe?" Ni kweli. Mihrabu ya Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107 Miladia), imepambwa kwa jiwe la matumbawe lililochongwa. Lakini wale walijenga kitu cha umma, nacho kimedumu karne tisa. Tumbawe la mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kuling'oa lililokua miaka kumi na zaidi, likafe sebuleni kwa mwezi mmoja, ni israfu, ijapokuwa limelipiwa kwa mali ya halali.

Iko njia iliyo salama zaidi. Tawi la tumbawe lililokuzwa tangini hukatwa, hubandikwa juu ya jiwe, nalo hukua peke yake, na mama yake akabaki hai. Hapo bahari haikupungukiwa na kitu. Hata hivyo nafsi ina mtego wake: mtu hutaka rangi hii, kisha na ile, ili wageni wastaajabu, hata idadi ikapita uangalizi wake.

Ama jawabu la ndugu yetu ni hili. Kwa usiku ule wa kwanza, asiyejua ana udhuru. Kwa usiku wa pili hana. Kukatika kwa stima ni kadari. Kutoweka betri baada ya kujua ni uzembe, na uzembe haugeuki kadari kwa kuitwa jina hilo. Asinunue hata kipande kimoja mpaka awe na cha kuendeshea pampu na kupashia maji joto, na mtu wa kuangalia akisafiri. Akishindwa, awape yaliyosalia yule awezaye kuyatunza.

Na waliocheka, warudi nyumbani wamtazame mbwa wa ulinzi aliye mnyororoni na ng'ombe asiyetoka bandani, kisha wajiulize kama wao wamelipa deni lao.

Wallahu aalam.